Joto la maji sakafuni: nimchukue fundi yupi kati ya hawa watatu?

Swali: *Tunaishi Saint Paul, Minnesota, Marekani, katika nyumba ya mbao ya ghorofa moja iliyojengwa mwaka 1924. Ina redieta za chuma (zinazopitisha maji ya moto kupasha vyumba) na boila ya gesi ya kupasha maji hayo, ambayo imechoka. Mwaka huu tunaongeza chumba nyuma, mita za mraba 30 pamoja na bafu, kwa ajili ya mama anayekuja kutoka Mombasa. Jikoni tunaibomoa hadi kwenye mbao za chini. Sebule ina mbao za mwaloni za tangu nyumba ilipojengwa. Tumeamua kupasha joto kwa maji yanayopita sakafuni, kwa sababu mama hapendi viti, hukaa chini siku nzima. Fundi wa kwanza anataka kulaza mabomba na kumwaga jasi juu yake katika sakafu zote. Wa pili anataka kufunga mabomba chini ya mbao kwa mabamba ya alumini. Wa tatu, ambaye bei yake ni karibu nusu ya wenzake, atayapigilia mabomba chini ya mbao bila mabamba. Tumchukue nani?*

Jibu: Dada yangu, mafundi wako ni watatu, na sakafu zako nazo ni tatu: chumba cha mama kitakachokaa juu ya ardhi, jikoni iliyo wazi, na sebule yenye mwaloni ambao nadhani hutaki kuung'oa. Kila fundi amekuja na njia yake moja na anataka kuivalisha nyumba nzima, kama fundi cherehani mwenye kipimo kimoja cha kanzu. Hakuna njia hata moja kati ya hizo inayofaa sakafu zote tatu. Wa tatu mwache tu, sababu nitakupa. Hao wawili waliobaki, kabla hujasaini chochote, waulize hivi: usiku wenye baridi kuliko yote, maji yatakayoingia kwenye sakafu ya kila chumba yatakuwa nyuzi ngapi? Aliyepiga hesabu atakutajia namba, chumba kwa chumba. Ambaye hakupiga atakwambia usiwe na wasiwasi, nyumba itapata joto.

Nyuzi zote ninazotaja hapa ni za Selsiasi. Themostati yako itakuonyesha Farenhaiti, basi kumbuka tu kwamba 29 ni 84 huko kwenu, 35 ni 95, na 50 ni 122.

Nang'ang'ania namba hiyo kwa sababu sakafu ina mpaka wake. Kila nyuzi moja ambayo uso wa sakafu umezidi hewa ya chumba, mita ya mraba inatoa wati 11 hivi. Na uso wenyewe hauruhusiwi kupanda utakavyo. Kiwango cha Ulaya, EN 1264, kinaweka nyuzi 29 mahali watu wanapokaa na 33 bafuni. Ukizidisha hapo miguu inatoka jasho na kuvimba, hasa ya mtu mzima. Kwa hiyo chumba cha nyuzi 20 hakiwezi kupata zaidi ya wati 100 kwa mita ya mraba kutoka sakafuni, awe fundi nani. Njia zote za kulaza mabomba zina mpaka huo huo. Kinachozitofautisha ni maji ya moto kiasi gani yanahitajika ili uso ufike hapo, na kila maji yanapokuwa ya baridi zaidi ndivyo bili inavyopungua na mitambo inavyodumu. Mimi huchagua njia kwa kigezo hicho, halafu ndipo naangalia bei ya mabomba.

Tuanze na chumba cha mama, maana ndicho kitakachokusumbua au kukufurahisha zaidi.

Saint Paul hesabu ya joto hupigwa kwa usiku wa zaidi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Chumba kipya cha mita 30 chenye kuta tatu za nje, madirisha mazuri na kuta zilizojazwa vizuri kizuia joto, nakadiria kitapoteza wati 1,800 hivi usiku wa namna hiyo. Gawanya kwa 30, unapata wati 60 kwa kila mita. Gawanya kwa 11, unapata nyuzi tano na nusu. Mama akitaka chumba kiwe nyuzi 22, sakafu yake itakuwa 27 na nusu usiku mbaya kabisa wa mwaka. Siku ya Desemba isiyo kali, nje kukiwa sifuri, itakuwa chini ya 25 kidogo. Mwandae mapema: ngozi ya mguu iko karibu nyuzi 30, kwa hiyo sakafu hii haitamuunguza wala haitamfanya aseme kuna moto chini. Wageni wengi siku ya kwanza hulalamika kwamba sakafu haiwaki, na huku wamevua soksi bila kujijua.

Hapa njia ni moja tu: mabomba ndani ya zege. Chumba kinakaa juu ya ardhi na zege utalimwaga vyovyote vile, kwa hiyo mabomba yanakuwa gharama ndogo juu ya kazi ambayo tayari ipo. Chini kunakuwa na kokoto iliyoshindiliwa, juu yake karatasi nzito ya nailoni, kisha mbao za povu gumu, kisha wavu wa chuma, na bomba linafungwa juu ya wavu huo kwa vifungo. Zege la sentimita 10 linafunika yote. Mimi ningelaza bomba kila sentimita 20, na kila sentimita 15 karibu na madirisha. Hiyo ni kama mita 150 za bomba au zaidi kidogo, na lazima igawanywe mizunguko miwili, kwa sababu bomba la nusu inchi likizidi mita 90 hivi pampu inaanza kuhangaika na maji yanarudi yamepoa mno. Taili juu yake, na maji ya nyuzi 35 yanatosha. Maji ya kuoga mtoto yana joto zaidi ya hapo.

Povu la chini lisipungue sentimita 5, na kama mfuko unaruhusu weka saba na nusu. Ila pesa ikiwa ya kubana, usiibane pembeni. Ukingo wa zege ndio mlango wa mwizi. Msingi kwenu unachimbwa futi tatu na nusu ili uvuke kina cha ardhi inayoganda, na zege lenye joto likigusa msingi huo moja kwa moja, joto linatembea kwenda nje kama maji kwenye mtaro. Niliwahi kuitwa Januari kwenye nyumba ambayo chumba cha nyuma hakipati joto na bili inapanda. Sikuhitaji kufungua begi la vifaa. Theluji uwanjani ilikuwa inafika magotini, lakini kuzunguka chumba kile palikuwa na ukanda wa shubiri mbili ambao theluji ilishayeyuka, na majani yamechipua, kijani kabisa. Mwenye nyumba alikuwa anapasha joto bustani. Kurekebisha kulihitaji kuchimba pembeni mwote baada ya baridi kuisha, kazi ya siku tatu, wakati mwanzoni ingekuwa kazi ya saa mbili za mtu mmoja na kisu. Kwa hiyo nenda mwenyewe siku moja kabla ya zege na uangalie kwa macho: povu lisimame wima kuzunguka chumba chote, hasa pale chumba kipya kinapoungana na nyumba ya zamani na kwenye kizingiti cha mlango.

Sasa mazulia, jambo ambalo hakuna fundi kati ya hao watatu aliyekuuliza, nina hakika, kwa sababu wamezoea wateja wa makochi.

Umesema mama hukaa chini. Najua chumba cha namna hiyo kinavyopambwa: zulia nene ukuta kwa ukuta, magodoro ya majlisi pande tatu, mito. Zulia nene na pedi yake linazuia joto kiasi kwamba, kupitisha wati 60 zile zile, chini yake panatakiwa pawe moto kwa nyuzi 18 hivi kuliko juu. Maji ya 35 yanakuwa zaidi ya 50 papo hapo. Magodoro ndiyo mabaya zaidi. Godoro la sponji la sentimita 10 halipitishi kitu. Yakichukua mita 10 za sakafu, mita 20 zilizobaki zinabidi zibebe wati 90 kila moja, na uso unatakiwa upite nyuzi 30. Tumeshavuka mpaka. Mama atakuwa amekaa juu ya godoro, mgongo ukutani, anasema nyumba ya Amerika ina baridi, na sakafu iliyo mbele yake inawaka bure.

Wakorea wana mamia ya miaka wakikaa, wakila na kulala juu ya sakafu zenye joto. Zamani walipitisha moshi wa jiko chini ya mawe, leo wanapitisha maji kwenye mabomba, na magodoro yao ni ya kukunjwa asubuhi na kuwekwa kabatini. Simwambii mama yako akunje godoro kila siku. Weka majlisi upande mmoja tu, ule usio na dirisha, juu ya fremu ya mbao yenye miguu ya sentimita 10 ili hewa ipite chini. Sehemu iliyobaki tandika mkeka. Mkeka wa ukindu unapitisha joto vizuri kuliko zulia lolote utakalonunua huko, na kama mama anakuja na mizigo mwambie alete miwili. Msala wa kuswalia ni mwembamba, hauna neno. Na chora mahali pa majlisi na kitanda kabla bomba halijalazwa, tusilaze bomba mahali ambapo halitafanya kazi.

Jikoni ni hadithi fupi. Njia ya jasi ya fundi wa kwanza si mbaya, na katika nyumba mpya iliyopangiwa jasi tangu kwenye michoro ningekuwa wa kwanza kuisifu: joto linasambaa sawasawa, sakafu haina kelele, na maji ya nyuzi 40 yanatosha. Lakini unene wake ni karibu sentimita 4, na kila mita ya mraba inaongeza kilo 70. Jikoni ya mita 15 ni tani moja na ushei juu ya maboriti ya mwaka 1924. Huenda yakahimili, lakini jibu hilo linatoka kwa injinia aliyeyapima, si kwa muuza jasi. Halafu sakafu inapanda: milango inakatwa, mashine ya kuoshea vyombo inanasa chini ya meza, na pale jikoni inapokutana na sebule unapata kingo ya kumkwaa mtu mzima akiwa na sinia mkononi.

Kwa jikoni yako ningechukua njia ambayo hakuna aliyekutajia: mbao nyembamba zenye mifereji, zilizovikwa alumini, zinazokaa juu ya mbao za chini. Unene ni sentimita 2 au pungufu. Bomba linabanwa ndani ya mfereji kwa mguu, unasikia kabisa linavyoingia, na taili zinapachikwa juu yake kwa utaratibu wa mtengenezaji. Vifaa vyake ni ghali kwa mita kuliko jasi, lakini jikoni ni ndogo na hakuna tani ya kubeba. Maji yanayohitajika ni kati ya 40 na 45 kama kuta zimejazwa kizuia joto. Bomba lisipite chini ya makabati wala friji. Kuna mteja wangu aliyesisitiza tupitishe kote, pesa yake. Sasa ana kabati moja ambalo mafuta ya nazi hayagandi mwaka mzima na viazi vinaota mizizi kwa wiki moja.

Sebule ndiyo inayomstahili fundi wa pili, kwa masharti.

Nadhani una besimenti chini yake, yaani chumba cha chini ya ardhi, na dari yake iko wazi, na mwaloni wa juu hutaki kuugusa. Mabamba ya alumini yanafungwa chini, kati ya boriti na boriti, bomba linaingia kwenye mfereji wa bamba, na joto linasambaa kwenye alumini kabla halijapanda kupita mbao. Chini yake inajazwa pamba ya kuzuia joto lisishuke besimenti. Hiyo nayo iwe kwenye kotesheni kwa maandishi, maana ndicho kitu cha kwanza kusahauliwa pesa zikianza kuisha. Dai mabamba mazito, yale yenye mfereji unaolibana bomba kwa nguvu. Yale membamba kama karatasi ya kufungia chakula yanapinda, bomba linaachana nayo, na kila likitanuka yanalia tik, tik, tik usiku kucha.

Kuna kazi moja ambayo nataka umuulize fundi huyo kama ameiweka kwenye bei yake. Ingia besimenti na tochi, uangalie juu. Mwaloni ulipigiliwa misumari ya chuma mwaka 1924, na ncha zake zimechomoza chini ya mbao, mamia kwa mamia, kama miiba ya samaki. Bamba halikai sawa mpaka ncha hizo zikatwe kwa grinda, moja moja, umelala kwenye jukwaa, miwani machoni, vumbi la chuma likikudondokea kwenye kola. Sebule ya kawaida inachukua siku nzima. Fundi asiyeitaja ama hajawahi kuifanya, ama anapanga kulikandamiza bamba hivyo hivyo, na ncha moja ya msumari ikikutana na bomba utajua Februari.

Lakini hata akifanya kila kitu sawa, mbao ni mbao. Una sentimita karibu 4 za mti kati ya bamba na mguu wako. Sebule ya nyumba ya zamani ambayo kuta zake ni tupu inaweza kupoteza wati 90 kwa mita usiku mkali. Kupitisha kiasi hicho kwenye mti huo kunataka maji ya nyuzi 60 au zaidi, na uso wa sakafu unagota 29. Mwaloni wenyewe haupendi zaidi ya 27, hewa ya Minnesota wakati wa baridi ikiwa kavu kama pembe. Mbao zinasinyaa na mianya inafunguka. Ndiyo maana ningekushauri utangulize kazi isiyo na bomba hata moja: kujaza kuta kwa nyuzinyuzi za karatasi zinazopulizwa kupitia matundu, na kuziba mianya ya madirisha. Sebule ikishuka hadi wati 50, maji ya 45 hadi 50 yanatosha na mwaloni unabaki salama. Na redieta ya sebuleni usiitoe. Iache mahali pake, ikae kimya siku zote isipokuwa zile usiku kumi za mwaka ambazo gari linakataa kuwaka.

Vyumba vya juu? Achana navyo. Redieta za chuma za miaka ile ni vyombo vizuri, watu wa kulala hawakai chini, na joto la sakafu za chini litapanda lenyewe. Kila mtu aliyeonja sakafu ya joto anataka nyumba yote iwe hivyo, na mimi ningepata kazi zaidi nikikubali, lakini kufumua dari za plasta ya zamani kwa ajili ya vyumba vya kulala ni hasara.

Fundi wa tatu sasa. Bei yake ni nusu kwa sababu kilichotolewa ni alumini. Bila bamba, bomba la mviringo linagusa ubao kwa mstari mwembamba tu, na pembeni yote ni hewa. Ili chumba kipate joto anapandisha maji hadi 65 au 70. Utatembea sebuleni ukihisi mistari, hapa moto hapa baridi, na mwaloni utaihisi kabla yako. Akikwambia ameshafanya nyumba nyingi hivyo, huenda ni kweli. Muulize zinatumia maji ya nyuzi ngapi.

Na hapo ndipo boila inapoingia. Boila yako ya zamani na boila ya kisasa zinaogopa vitu vilivyo kinyume. Moshi wa gesi una mvuke mwingi, na mvuke huo hugeuka maji pale moshi unapopoa chini ya nyuzi 55 hivi. Maji hayo yana tindikali, yanakula chuma. Ukiunganisha sakafu inayorudisha maji ya nyuzi 30 moja kwa moja kwenye boila ya chuma ya zamani, itaoza kutoka ndani, na kwa miaka michache utakuwa na dimbwi besimenti. Boila ya kisasa imetengenezwa ili mvuke ugeuke maji humo humo. Joto lililokuwa likipotea na moshi inalirudisha ndani ya nyumba, na maji yanayorudi yakiwa chini ya 55 ndipo inapolipa bei yake. Kwa kuwa yako imechoka, usiifungie sakafu mpya. Panga boila mpya ndani ya mradi huu huu. Sakafu za nyuzi 35 hadi 50 zinakuachia mlango wazi pia wa kuweka pampu ya joto siku moja, mashine ya umeme inayovuta joto kutoka nje na kuliingiza ndani, ambayo haipendi kabisa kutengeneza maji ya 70. Ukimchukua fundi wa tatu, mlango huo umefungwa kwa misumari.

Kwa kuwa chumba cha mama kinataka 35 na sebule inataka 50, kunahitajika vali ya kuchanganya: inachukua maji ya moto kutoka boila, inachanganya na yaliyorudi yamepoa, na kupeleka kila upande kipimo chake. Isiwepo, sakafu ya mama itapelekewa maji ya redieta. Dai pia kitambuzi cha baridi ya nje, kinachopandisha maji polepole kadiri nje kunavyopoa. Si kifaa cha anasa.

Bomba lenyewe liwe PEX, plastiki imara inayopindika, yenye tabaka la kuzuia oksijeni, na maneno hayo yawe yamechapishwa kwenye bomba. Hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Miaka yangu ya mwanzo nilitumia PEX ya maji ya kunywa iliyokuwa imebaki kwenye kazi nyingine, nikijiambia plastiki ni plastiki. Hewa inapenya kwenye plastiki ile kidogo kidogo, na chuma chote kilichomo kwenye mzunguko kinashika kutu. Baada ya majira machache ya baridi nilifungua pampu, ikatoka tope jeusi kama wino wa pweza. Nilinunua pampu kwa pesa yangu, na tenki la upanuzi, na mwaka uliofuata nikabadilisha kila kitu cha chuma mfumo mzima. Bomba lililokuwa ndani ya zege halibadilishwi, kwa hiyo ilibidi niweke kibadilisha joto kati yake na boila, kinachopitisha joto bila maji kuchanganyika.

Watu wa umri wa makamo huko Marekani watakutisha kwamba mabomba ya sakafuni huvuja. Wana sababu. Levittown, New York, kuanzia mwaka 1947 zilijengwa nyumba kwa maelfu zenye mabomba ya shaba ndani ya zege, na baada ya miongo kadhaa mengi yalianza kuvuja. Shaba ile ilikuwa na viungo na ilikuwa ikigombana na zege. PEX unalaza kipande kimoja kutoka manifoldi (kigawanyo cha maji kwa kila mzunguko) hadi kurudi manifoldi, bila kiungo hata kimoja kilichozikwa. Hilo lisimamie: mzunguko mmoja, kipande kimoja. Kabla ya zege fundi ajaze hewa kwa shinikizo analotaja mtengenezaji, geji ilale hapo usiku mzima, na ibaki imefungwa wakati wa kumwaga. Reki au toroli likitoboa bomba, sindano inaanguka mbele ya macho ya wote na panazibwa zege likiwa bichi. Halafu mvumilie: zege likae wiki tatu bila moto, kisha lianze na maji ya nyuzi 25 kwa siku tatu. Mwenye haraka analipasua.

Mama akifika, muonyeshe themostati na umwombe asiiguse, kwa heshima zote. Zege hilo linachukua saa nyingi kupanda na saa nyingi kushuka. Akiipandisha alfajiri kwa sababu ameamka na baridi, hataona kitu mpaka adhuhuri, na alasiri utakuta madirisha wazi nje kukiwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Kuizima usiku ili kuokoa gesi nako hakufai hapa. Iwekwe sehemu moja Oktoba na isahauliwe hadi Aprili.

Kwa hiyo mwite fundi wa pili, umpe sebule na umuulize kama anaweza zege na mbao za mifereji. Wengi wanaoweza mabamba wanaviweza hivyo pia. Akikataa jikoni, fundi wa jasi mara nyingi anazijua mbao za mifereji. Kotesheni mpya iwe na mambo haya kwa maandishi: wati za kila chumba, nyuzi za maji za kila chumba, povu la ukingoni, kukata misumari, pamba ya besimenti, vali ya kuchanganya.

Na siku moja kabla ya zege kumwagwa, chukua futi ya kupimia, itandike sakafuni kutoka ukutani, upige picha kila kona ya mabomba futi ikionekana. Chapisha picha, zifunike kwa plastiki, zitundike kando ya manifoldi. Mama atahitaji reli ya kushika karibu na choo, na kama ni ya kusimama chini, kuna mtu atakuja na drili.